Siku za Mwizi na Miaka ya Sheria: Tamthilia ya Kikorea "Signal" na Historia ya Pumwani

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Methali hii, ambayo haimpiti mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, humwekea mkosaji muda, na anayeonywa kwayo ni mkosaji mwenyewe. Ataiba leo na kesho, lakini siku ya arobaini itafika na mkono wake utashikwa. Sheria za mataifa mengi nazo zimeweka muda, ila zimeipindua methali yetu. Serikali isiposhtaki, au aliyedhulumiwa asipodai, kabla ya miaka fulani kupita, mlango wa mahakama hufungwa na mkosaji huenda zake. Katika methali wakati ni adui wa mwizi. Katika sheria hizo wakati humtetea.

Shabaha ya makala haya ni kuihakiki tamthilia moja ya televisheni kutoka Korea ya Kusini ambayo maudhui yake yamejengwa juu ya suala hili la muda. Tamthilia hiyo yaitwa "Signal", nayo ilionyeshwa na kituo cha tvN kuanzia Januari hadi Machi 2016, kwa sehemu 16. Iliandikwa na Kim Eun-hee na kuongozwa na Kim Won-seok. Yamkini msomaji atauliza: jarida linaloshughulikia lugha za Kiafrika lina haja gani na visa vya polisi wa Seoul? Jibu letu ni mara mbili. Kwanza, tamthilia za Kikorea zimekwisha kuwa sehemu ya chakula cha kila siku cha watazamaji wetu, na vijana wa Majengo na Gikomba huzifuata katika simu zao kama wazee wao walivyofuata masimulizi ya redio. Hatuwezi kudai kwamba twaisoma fasihi ya jamii huku tukifumbia macho kile ambacho jamii hiyo inakitazama. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, swali linaloulizwa na tamthilia hii limewahi kuulizwa kwa dhati mbele ya mahakama, na waliouliza walikuwa wazee wa Kenya. Jambo waliloulizia liliikumba Pumwani pia.

Hoja yetu ni hii: hadithi ya upelelezi ni namna ya kuandika historia, nayo hutegemea kumbukumbu zilizotunzwa. Kwa hiyo haiwezi kusomwa kwa namna moja na mtu ambaye kumbukumbu za dola zilimtumikia na mtu ambaye kumbukumbu hizo ziliandikwa dhidi yake.

Kisa na sheria iliyokizaa

Kisa chaanza mwaka 2000. Mtoto wa kike atekwa nyara akitoka shuleni, na baadaye apatikana amekufa. Mwenziwe wa darasa moja, Park Hae-young, aliona kwa macho yake kwamba aliyemchukua mtoto yule alikuwa mwanamke, lakini polisi wamtafuta mwanamume, na neno la mtoto halisikilizwi. Miaka 15 yapita. Hae-young amekuwa mtu mzima na mchambuzi wa tabia za wahalifu katika jeshi la polisi, ila polisi wenyewe hawaamini hata kidogo. Usiku mmoja aokota simu ya upepo ya mkononi, kuukuu, iliyokwisha kutupwa. Itimiapo saa 5 na dakika 23 za usiku, simu hiyo yalia, na sauti ya mpelelezi aitwaye Lee Jae-han yazungumza naye. Hae-young hajui bado kwamba anayezungumza naye yuko katika wakati uliopita, na kwamba alitoweka mwaka ule ule wa 2000. Anayewaunganisha wawili hawa, bila yeye mwenyewe kujua, ni afisa wa kike, Cha Soo-hyun, aliyekuwa mwanafunzi wa Jae-han kazini na ambaye hakuacha kumtafuta kwa miaka yote hiyo.

Muda wa kushtaki katika kesi ya mtoto yule waisha mbele ya macho ya watazamaji, wapelelezi wakiwa wameketi na mshukiwa. Ni sehemu iliyotungwa kwa ustadi: saa iko ukutani, na hapana silaha wala mbio, ila mshale unasogea. Baada ya hapo sheria yabadilishwa, na polisi walazimika kuunda kikosi kidogo cha kufufua kesi zilizolala.

Mabadiliko hayo ya sheria hayakubuniwa na mwandishi. Katika Korea ya Kusini muda wa kumshtaki muuaji ulikuwa miaka 15, ukaongezwa kuwa 25 mwaka 2007, na mwezi Julai 2015 ukafutwa kabisa kwa makosa ya mauaji ambayo adhabu yake yaweza kufikia kifo. Sheria ya mwaka 2015 ilitokana na kilio cha wazazi wa mtoto wa miaka 6 aliyemwagiwa tindikali katika mji wa Daegu mwaka 1999 na kufa kwa majeraha. Kwa bahati mbaya sheria iliyopata jina la mtoto huyo haikumfaa yeye, kwani muda wa kesi yake ulikuwa umekwisha kupita. Nayo kesi ya pili katika tamthilia, ya wanawake wanaouawa mmoja baada ya mwingine katika mji wa mashambani, imefuata kwa karibu mauaji ya Hwaseong ya miaka ya 1986 hadi 1991, ambayo yalikuwa yamekwisha kuigizwa katika filamu ya Bong Joon-ho, "Memories of Murder", mwaka 2003.

Kinachoitofautisha tamthilia hii na nyingine za aina yake ni kwamba kuyagusa yaliyopita kuna gharama. Hae-young ajuapo mahali ambapo mauaji yatatokea, amwambia Jae-han, na mtu mmoja aokolewa. Lakini muuaji naye abadili mwendo wake, na mwingine ambaye hakuwa katika orodha auawa. Maandishi katika mafaili yabadilika pale pale, kana kwamba hayakuwa na habari nyingine tangu awali, na akumbukaye yaliyokuwamo mwanzo ni yule aliyeshika simu. Wapelelezi wanaomzunguka wanayasoma mafaili hayo mapya bila kushuku lolote. Mandhari hii twaomba msomaji aiweke akilini, kwa kuwa tutairudia.

Upelelezi katika fasihi ya Kiswahili

Mtazamaji wa Kiswahili haijii tamthilia ya namna hii mikono mitupu. Utanzu wa upelelezi ulikwisha kukomaa katika lugha yetu kabla ya uhuru wa nchi zetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka 1960, na humo akamleta Bwana Msa. Akamwendeleza katika "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, "Duniani Kuna Watu" mwaka 1973, na katika vitabu vingine hadi miaka ya 1980. Faraji Katalambulla aliandika "Simu ya Kifo" mwaka 1965. Baadaye walikuja Elvis Musiba, aliyemtunga Willy Gamba, na Ben Mtobwa, aliyemtunga Joram Kiango.

Hata hivyo, yafaa kuangalia jinsi fumbo linavyofumbuliwa katika kazi hizi. Bwana Msa si askari. Ni mtu mwenye kiko chake, mwenye rafiki yake Najum, na mwenye kujua kuuliza. Siri anazozifichua aghalabu ni siri za nasaba: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, mali ilitoka wapi na ilipaswa kumfikia nani. Ushahidi wake umo vinywani mwa watu zaidi kuliko katika kabati la serikali. Willy Gamba naye ni mpelelezi wa dola iliyokwisha kupata uhuru, na adui zake aghalabu ni maadui wa Afrika. Katika hali zote mbili, faili la zamani la polisi si mahali ambapo ukweli umelala ukingoja kuamshwa.

Katika "Signal" mambo ni tofauti. Faili la polisi limepotoshwa, limefichwa, limeandikwa kwa amri ya mkubwa aliyenunuliwa, lakini lipo. Mtafutaji ana hakika kwamba akirudi nyuma hatua moja zaidi ataikuta karatasi, au kitu kilichozikwa ardhini, au alama ya kidole, na hapo ukweli utasimama. Tamthilia nzima imesimama juu ya imani hiyo.

Kabla ya kuipima imani hiyo, tuseme neno moja kuhusu lugha. Watazamaji wetu wengi huipokea tamthilia kwa maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, kisha huielezana kwa Kiswahili au kwa Sheng. Maana husafiri basi kwa vyombo viwili, na katika chombo cha kwanza heshima humwagika. Wakorea hutia kiishio cha heshima "-nim" katika vyeo, na Jae-han na Hae-young, ambao hawajapata kuonana, huitana hivyo usiku baada ya usiku. Kiingereza hakina njia ya kulieleza jambo hilo, kikabaki na cheo kitupu. Kiswahili kina neno "afande", ambalo asili yake ni Kituruki na lililoingia kwetu kwa njia ya jeshi. Neno hilo lina heshima, lakini Nairobi lina hofu pia. Mtu wa Majengo asemapo "afande" huwa amekwisha kupima umbali ulio baina yake na mlango. Kwa hiyo hata kabla kisa hakijaanza, neno moja la tafsiri limemhamisha mtazamaji kutoka Seoul na kumweka katika historia yake mwenyewe.

Pumwani na kumbukumbu za dola

Pumwani ndio mtaa mkongwe kuliko yote katika mitaa iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika ambayo ingalipo Nairobi. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa shabaha ya kuwakusanya mahali pamoja Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyotawanyika mjini, kama vile Maskini, Kaburini na Mombasa. Kijiji cha Pangani kiliachwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, nacho kikabomolewa, na baadhi ya wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Pumwani wenyeji waliruhusiwa kujijengea nyumba za udongo katika viwanja ambavyo ardhi yake haikuwa yao. Kama walivyoonyesha Janet Bujra na Luise White katika tafiti zao, wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na Uislamu na Kiswahili ndivyo vilivyowaunganisha watu waliotoka katika makabila mbalimbali.

Watu hawa waliandikwa sana. Mwenye nyumba alikuwa na kibali chake, mpangaji alikuwa na kodi yake, na kuanzia mwaka 1919 mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba kipande, karatasi iliyokunjwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani ya kipande mliandikwa jina, kabila, mwajiri, mshahara, na alama za vidole.

Hapa pana jambo ambalo mhakiki wa hadithi za upelelezi hana budi kulizingatia. Katika hadithi hizo alama ya kidole hutafutwa baada ya kosa kutendeka, ili ipatikane kwa mtu mmoja kati ya elfu. Nairobi alama za vidole zilichukuliwa kwa wanaume wote wa Kiafrika, kabla ya kosa lolote, kwa sababu ya kuwa kwao Waafrika. Mfumo wenyewe wa kutambua watu kwa vidole ulipevushwa katika utawala wa Kiingereza huko Bengal, Bara Hindi, kabla ya kupelekwa London. Kwa maneno mengine, chombo ambacho mtazamaji wa leo hukiona kuwa rafiki wa ukweli kilikuwa kwanza chombo cha kuwatawala watu. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kulalamikiwa kwa miaka mingi.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, jeshi lilizunguka Nairobi. Jenerali George Erskine alikuwa na wanajeshi na polisi wasiopungua 20,000 kwa kazi hiyo, iliyopewa jina la "Anvil", yaani fuawe. Mitaa ya Waafrika ya upande wa mashariki, Pumwani ikiwa mojawapo, ilifungwa na kupekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao Wakikuyu waliwaita "gakunia", na kichwa kilichokuwa ndani ya gunia kikitikisika, mtu alitolewa katika safu. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini bila ya kushtakiwa, wengi wakipitia Lang'ata hadi Mackinnon Road na Manyani. Wake na watoto wengi walirudishwa mashambani walikokuwa hawana shamba.

Ushahidi wa gunia ni kinyume kamili cha ushahidi wa hadithi ya upelelezi. Shahidi hana uso, kosa halina jina, na mshtakiwa haulizwi. Lakini karatasi iliandikwa. Mtu aliyetolewa katika safu alipata faili, na faili hilo lilimfuata kambi kwa kambi.

Kesi ya wazee

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, kauli ya wakubwa ilikuwa kusahau na kusamehe. Methali ilipatikana ya kuitilia nguvu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Marufuku iliyowekwa na wakoloni juu ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003.

Mwaka 2009 wazee waliowahi kuteswa vizuizini walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya serikali ya Uingereza. Utetezi wa serikali hiyo ulikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba lawama za serikali ya kikoloni ziliirithi serikali ya Kenya huru. Hoja hii ilikataliwa na mahakama mwaka 2011. Ya pili ilikuwa muda. Sheria ya Uingereza humpa aliyeumizwa mwili miaka 3 ya kudai, na hapa palikuwa pamepita zaidi ya miaka 50.

Ni wakati wa kesi hiyo, mwaka 2011, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa na mafaili ambayo yalitolewa Kenya kabla ya uhuru na kufichwa, na ambayo yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, pamoja na mafaili ya makoloni mengine yapatayo 37. Mafaili ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Mengine yalikuwa yamechomwa moto kabla bendera haijashushwa. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliisaidia mahakama kuyafahamu. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba kesi yaweza kuendelea licha ya miaka iliyopita, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wingi wa maandishi: wakoloni waliandika mno hata kesi ingeweza kusikilizwa kwa haki. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka bungeni kwamba inasikitika kwa mateso yaliyotendeka, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Msomaji aweza kudhani kwamba hapo ndipo mshale wa saa uliposimamishwa, kama katika tamthilia. Sivyo. Wadai wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili, na mwaka 2018 kesi hiyo ilitupwa. Jaji alikataa kuwaondolea kikomo cha muda, kwa hoja kwamba baada ya miaka mingi namna hiyo, mashahidi wakiwa wamekufa na kumbukumbu za wazee zikiwa zimefifia, upande wa utetezi usingepata haki. Mateso yalikuwa ya zama zile zile na dola ilikuwa ile ile. Mlango uliofunguliwa mwaka 2012 kwa nguvu ya karatasi ulifungwa mwaka 2018 palipoonekana kwamba karatasi na ndimi hazikutosha.

Sasa na turudi kwenye mandhari tuliyomwomba msomaji aikumbuke. Katika tamthilia mafaili yabadilika, na ajuaye yalikuwaje ni yule aliyeshika simu. Mtazamaji wa kawaida huiona kuwa miujiza ya hadithi za kubuni. Mtazamaji wa Pumwani aijuaye historia yake ana sababu ya kuiona kuwa ni maelezo ya mambo ya kawaida: faili laweza kuchomwa, laweza kusafirishwa usiku, na aliyeona hubaki na neno lake tu, neno ambalo mahakama italiita kumbukumbu iliyofifia.

Tathmini

Tukiipima tamthilia kwa mizani hii, twaona nguvu zake na udhaifu wake.

Nguvu yake ya kwanza ni kuitambua dola kuwa mhusika katika uovu. Aliyemzima Jae-han si jambazi wa mitaani, bali ni mkubwa wake kazini. Ndugu yake Hae-young alitwishwa kosa la watoto wa wenye nguvu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Nguvu ya pili ni subira yake kwa waliofiwa. Kamera hukaa na mama wa mtoto aliyeuawa muda mrefu kuliko inavyokaa na muuaji, na hilo ni nadra katika utanzu huu.

Udhaifu wake ni imani yake katika afisa mwema. Haki hupatikana kwa kuwa yuko mmoja asiyehongeka, naye huungwa mkono na mwingine asiyehongeka aliye katika wakati mwingine. Wanawake waliouawa huonekana kwa kitambo, kisha huwa picha ubaoni. Wenyeji wa mahali pa mauaji hawaulizwi neno ila kwa kuhojiwa. Bwana Msa, ambaye hakuwa na cheo chochote, angewakalia barazani.

Historia yenyewe ya Korea imekwisha kuisahihisha tamthilia katika hili. Mwezi Septemba 2019, zaidi ya miaka 3 baada ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, uchunguzi wa vinasaba ulimtambulisha muuaji wa Hwaseong, mtu aliyekuwa gerezani tangu mwaka 1994 kwa mauaji mengine. Hakuweza kushtakiwa, kwani muda ulikuwa umepita mwaka 2006. Tena ilifahamika kwamba mtu mwingine alikuwa amekaa gerezani miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji hayo. Alisafishwa jina na mahakama mwezi Desemba 2020. Katika kesi yake faili halikupotea. Lilikuwapo, limekamilika, lina sahihi ya kukiri kosa, na lilikuwa la uongo.

Wala tusidhani kwamba kufuta kikomo cha muda kwatosha. Sheria ya Kenya haina kikomo kwa kosa la kuua. Pio Gama Pinto, aliyetiwa kizuizini miezi michache baada ya Anvil, aliuawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mtu mmoja alifungwa, akaachiliwa baadaye akishikilia kwamba hakuua, na waliopanga hawajatajwa na mahakama yoyote hadi leo. Mlango wa sheria u wazi tangu siku ile, na hapana aliyeupita.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Signal" ni kazi inayostahili kutazamwa kwa makini na watu wa lugha na fasihi, si kwa sababu ya miujiza ya simu yake bali kwa sababu ya swali lake: ni nani anayeamua kwamba jambo limepita? Bunge la Korea ya Kusini lilitoa jibu mwaka 2015. Mahakama ya London ilitoa majibu mawili yasiyolingana, la mwaka 2012 na la mwaka 2018. Methali zetu nazo ni mbili na hazilingani: moja yamwambia mwizi kwamba siku yake yaja, na nyingine yamwambia mgonjwa kwamba hana ndwele.

Liko jambo moja ambalo idara kama zetu zaweza kulifanya bila ya kungoja bunge wala mahakama. Mtu aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya Aprili 1954 sasa amepita miaka 80. Aliona magunia, aliona malori, aliona mlango wa jirani ukibaki wazi na sufuria jikoni. Mengi ya hayo ameyasimulia kwa Kiswahili cha Pumwani, lugha ambayo maafisa wa Anvil hawakuitumia kuandikia mafaili yao, na ambayo mahakama ya London iliisikia kwa kupitia wakalimani kama ilivyosikia lugha nyingine za wazee. Kila mwanafunzi anayekuja kwetu kutafuta mada ya tasnifu aweza kupelekwa huko na daftari na chombo cha kunasa sauti. Achukue jina la mahali, tarehe, na maneno kama yalivyosemwa, bila ya kuyasanifisha. Faili la namna hiyo litakuwa na makosa yake, lakini litakuwa limeandikwa upande wa pili wa gunia.

Katika tamthilia, sauti kutoka zamani hufika saa 5 na dakika 23 za usiku, kisha hukatika. Kwa wazee wa Pumwani hatuna haja ya simu ya upepo. Wengine wao wangali hai, na saa za mchana zinatosha kwenda kuwaamkia na kuwauliza.